Kabla ya kuponda, tazama: siku zetu pamoja na wahesabu vipepeo



Katika gazeti hili tumezoea kuwaletea habari za mbegu, za samadi, za bei ya kahawa na za mikutano yenu. Leo tunawaletea habari ya watu ambao, tuliposikia kazi yao mara ya kwanza, tulicheka. Tuseme ukweli tangu mwanzo: tulicheka. Tuliambiwa kwamba kwenye kilima kimoja upande wa Kabare, hapa Kivu ya Kusini, kuko kikundi cha watu wanaopenda vipepeo. Si watalii. Ni watu wa pale pale: mwalimu wa biolojia, wanafunzi wake, seremala mmoja, na ba mama watano ambao ni wanachama wa koperative. Wote pamoja ni kama 15. Kila siku ya posho asubuhi wanatoka na kaye na biki, wanahesabu vipepeo, kisha kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Hakuna anayewalipa.

Swali letu lilikuwa lile ambalo kila mkulima angeuliza: vipepeo vinaleta nini jikoni?

Tumekwenda kwao mara nne tangu msimu B uanze, na sasa hatucheki tena. Tunaandika habari hii kwa sababu wametusahihisha katika jambo ambalo sisi, pamoja na diploma zetu za agronomia, tulikuwa tunalifundisha vibaya. Na jambo lenyewe linagusa chungu cha kila nyumba: ni juu ya kiazi kitamu.

Njia moja, kila siku ya posho

Kazi ya kikundi inaanza saa tatu asubuhi, siyo mapema zaidi. Kipepeo hapendi baridi. Jua lisipomchoma mabawa kwanza, haruki, na usipomwona akiruka utaandika kwamba hayupo.

Njia yao ni ileile kila juma. Inaanzia kwenye chemchemi, inapita kando ya mashamba ya kahawa, inazunguka kanisa, kisha inateremka mpaka bondeni ambako watu wanapanda viazi wakati wa kiangazi. Ni kama kilometa moja. Wanatembea polepole, mmoja anatazama, mwingine anaandika. Wanahesabu vipepeo walio mbele yao na walio pembeni, hatua chache tu kila upande. Walio nyuma hawahesabiwi, maana kipepeo mmoja anaweza kuhesabiwa mara mbili. Mvua ikinyesha hawatoki, lakini wanaandika neno "mvua" kwenye ukurasa wa siku hiyo, ili asomaye kesho asifikiri kwamba vipepeo walikwisha.

Namna hiyo ya kuhesabu hawakuibuni wao. Huko Uingereza watu wa kujitolea wanahesabu hivyo tangu 1976. Kwa sababu walifuata njia zilezile mwaka hata mwaka, leo wanaweza kuonyesha ni aina gani ya vipepeo inapungua na ni ipi inaongezeka. Siri yao siyo mashine. Siri yao ni kurudi palepale.

Tulipouliza kuhusu majina, mwalimu alitabasamu. Mwanzoni hawakujua jina hata moja, na Congo yetu ni kati ya nchi zenye aina nyingi za vipepeo kuliko zote katika Afrika. Kwa hiyo kila kipepeo walimpa jina lao: "mdogo wa machungwa", "mweupe wa barabara", "bluu wa maharagi", "mkubwa wa malimau". Majina ya vitabu yalikuja nyuma. Lakini angalieni vizuri majina yale ya kwanza. Mengine yanataja mmea. Wale watu walianza kuona kwamba kipepeo na mmea wake hawaachani.

Bokali, jani na chandarua

Kazi yao ya pili inafanyika nyumbani. Wakikuta kiwavi, hawamuui palepale. Wanamweka ndani ya bokali, mdomo wa bokali wanaufunika kwa kipande cha chandarua kilichopasuka, na wanaandika tarehe. Bokali zimepangwa kwenye ubao kwa seremala, mbali na jua na mbali na kuku.

Wana kanuni tatu. Ya kwanza: ukimchukua kiwavi, chukua pia jani la mmea uliomkuta juu yake. Viwavi wengi wa vipepeo hawali kila kitu. Wengine wanakula mmea wa aina moja au jamaa zake tu, na ukiwapa jani lingine watakufa wakilitazama. Ya pili: kila asubuhi badilisha jani na utupe mavi, na usiweke maji ndani, kwa sababu ukungu unaua. Ya tatu: andika kilichotoka.

Ile kanuni ya tatu ilitushangaza. Ndani ya bokali la kiwavi kitatoka nini kingine kama siyo kipepeo? Mama mmoja alitujibu: "Tulia tu, utaona."

Na kweli tuliona. Lakini kwanza tulipaswa kukosea.

Kosa letu

Ilikuwa mwezi wa tano. Tulikuwa tunatembelea mashamba ya viazi vitamu pamoja na wanachama, na majani ya mashamba matatu yalikuwa yameanza kutoboka. Katika shamba la mama mmoja tukaona vitu vyeupe vidogo vimeshikamana na majani. Vilikuwa na umbo la punje ya mchele, lakini vidogo zaidi, na vimezungushiwa nyuzi kama pamba. Tulisema kwa sauti, na watu wote walisikia: "Hayo ni mayai ya adui. Mama, uyaponde yote." Mama aliponda. Jirani zake waliponda. Sisi tuliandika kwenye ripoti kwamba mafunzo yalifanyika.

Msichana mmoja wa kikundi, umri wake kama miaka 14, alisogea karibu. Alisema kwa heshima: "Papa agronome, samahani, hayo haiko mayai." Tulimjibu kwamba tutazungumza kisha. Hakubishana. Alivunja jani moja lililokuwa bado na vile vyeupe, akalifunga ndani ya karatasi na kwenda nalo.

Juma lililofuata alituletea bokali. Ndani mlikuwa vijidudu vyeusi vyenye mabawa, wadogo kuliko mbu. Hapakuwa na kiwavi hata mmoja. Vile vifuko vyeupe tulivyoamuru vipondwe vilikuwa nyumba za nyigu wadogo, na nyigu wale ni askari wa mkulima. Nyigu jike anamchoma kiwavi na kutaga ndani ya mwili wake. Mtoto wa nyigu anakua humo humo, akimla kiwavi polepole kutoka ndani. Akiisha kushiba anatoka, anajisokotea kifuko cheupe kwenye jani, na kiwavi anakufa. Siku chache baadaye nyigu mzima anatoka na kwenda kutafuta viwavi wengine.

Basi kila kifuko kilichopondwa siku ile kilikuwa ni nyigu mmoja aliyeuawa kwa amri yetu, na viwavi ambao angewaua waliendelea kula.

Tulirudi kwenye mashamba yale matatu. Tulisema mbele ya mkutano kwamba tulikosea, na tuliomba msamaha. Mzee mmoja alicheka sana, akasema kwamba tangu aanze kulima ni mara ya kwanza kumsikia agronome akiomba msamaha. Lakini mama yule hakucheka. Aliuliza tu: "Sasa nitavijuaje?" Hilo ndilo swali zuri. Sehemu inayofuata ni jibu lake.

Mdogo wa machungwa, kuanzia yai

Kipepeo wa kiazi kitamu, wenye masomo wanamwita Acraea acerata. Anajulikana katika nchi zote za Maziwa Makuu: kwetu, Rwanda, Burundi, Uganda. Akifungua mabawa, upana wake ni kama vidole viwili. Rangi yake ni ya machungwa, na pembeni mwa mabawa ni kahawia. Yeye mwenyewe hali jani hata moja. Kazi ya kula ni ya watoto wake.

Jike anataga mayai kwa fungu, mara nyingi 100 mpaka 150 pamoja, juu au chini ya jani la kiazi. Mayai ni ya manjano meupe, madogo sana, yamepangwa yakigusana. Hapa ndipo tofauti ilipo: yai halina nyuzi. Ukiona nyuzi nyeupe zimezungushwa kama pamba, na kifuko ni kirefu kama punje ya mchele, hicho ni kifuko cha nyigu. Mara nyingi karibu yake utakuta kiwavi aliyekufa au anayekufa. Usikiguse.

Mayai yakianguliwa, viwavi wadogo wanakaa pamoja kwa muda wa kama majuma mawili ndani ya utando, mfano wa utando wa buibui, juu ya jani. Wanalikwangua jani mpaka linabaki kama wavu wa kahawia. Wakati huu wako mikononi mwako. Jani moja lenye utando, ukilichuma, umeondoa jamii nzima. Mtoto anayechuma majani kumi ya namna hiyo kabla ya kwenda masomoni, ameondoa viwavi karibu 1000, bila franka hata moja.

Majuma mawili yakipita, mambo yanageuka. Viwavi wanatawanyika. Sasa ni wakubwa, rangi ya kijani iliyochanganyika na nyeusi, mwili wote una miiba laini yenye matawi. Mchana wanaogopa jua, wanashuka kujificha kwenye udongo, na jua likipungua wanapanda kula. Ndiyo maana mkulima anayefika shambani saa sita anaona majani yametobolewa lakini haoni mdudu. Wengine wamelaumu mvua, wengine wamemlaumu jirani, na tunajua nyumba mbili zilizogombana hivyo. Mdudu alikuwa chini ya miguu yao.

Kiwavi anakomaa kwa karibu majuma matatu. Akishakomaa anatafuta mahali pa kujining'iniza: jani, kijiti, hata ukuta wa nyumba. Hapo anageuka kitu kigumu cha manjano meupe kinachoning'inia, ambacho shuleni wanakiita bundo. Kutoka humo anaruka kipepeo mwingine, na safari inaanza tena.

Mashambulizi yake makali yanakuja mara nyingi mwanzoni mwa kiangazi. Hilo linauma mara mbili. Kiazi kisicho na majani hakijazi. Na mashina ya kupanda msimu unaofuata yanatoka kwenye majani hayo hayo, hasa yale ya bondeni. Nyumba iliyopoteza majani mwezi wa sita itazunguka kwa jirani mwezi wa tisa ikiomba mashina.

Kaye ilisema nini

Sasa mnaona kwa nini kuhesabu kuna maana. Mwishoni mwa mwezi wa tano, kaye ya kikundi ilionyesha kwamba "mdogo wa machungwa" ameongezeka kwenye kipande cha njia kilicho karibu na bonde, juma hadi juma. Hakuna shamba lililokuwa limeliwa upande ule bado. Ba mama wa kikundi walileta habari hiyo kwenye mkutano wa koperative, wakasema: tuanze kugeuza majani sasa.

Watu waligeuza majani. Walikuta mayai, walikuta utando, walichuma. Vifuko vyeupe waliviacha. Tulipopita bondeni mwezi wa sita, mashamba ya wale waliotazama kila juma yalikuwa bado ya kijani. Kulikuwa na matundu hapa na pale, kama kawaida ya shamba lolote. Hatutasema kwamba kaye inaua viwavi. Inakuambia tu siku ya kuinama.

Si kila kipepeo ni adui

Baada ya habari hiyo, vijana wachache walianza kuua kila kipepeo wa rangi ya machungwa. Kikundi kilikasirika, na kilikuwa na haki. Kuko kipepeo mwingine wa machungwa, mkubwa karibu mara mbili, mwenye ncha nyeusi za mabawa na madoa meupe ndani ya weusi huo. Huyo ni Danaus chrysippus. Kiwavi wake ana mistari myeusi, myeupe na ya manjano, na anakula mimea ya pori yenye maziwa meupe. Kiazi chako hakitaki.

Wengine wanahitaji macho, siyo hasira:

"Mkubwa wa malimau", Papilio demodocus, ni mweusi mwenye madoa ya manjano. Kiwavi wake anakula majani ya michungwa na milimau. Akiwa mdogo anafanana na mavi ya ndege, na wengi wanampita bila kumwona. Akiwa mkubwa ni wa kijani, na ukimgusa anatoa pembe mbili laini za rangi ya machungwa zenye harufu mbaya. Mchungwa mkubwa unaweza kuvumilia viwavi wachache. Mche mdogo kwenye kitalu hauwezi, basi watoe kwa mkono.

"Bluu wa maharagi", Lampides boeticus, ni mdogo, na kiwavi wake anaingia ndani ya maua na maganda ya jamii ya maharagi na mbaazi. Ukiona tundu kwenye ganda changa, lipasue utazame.

Kiwavi-jeshi wa mahindi, ambaye wengi wenu mmemjua kwa uchungu, ni mtoto wa kipepeo wa usiku. Aliingia Afrika kutoka Marekani, na tangu 2016 ameenea nchi baada ya nchi. Kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangwa kama pembe za meza. Kwa ajili ya jamaa hao wa usiku, kikundi kinatundika shuka jeupe mbele ya taa mara moja kwa mwezi. Watoto wa mtaa wote wanakuja kutazama.

Na tuseme jambo lingine bila kudanganyana: katika kubeba vumbi la maua, nyuki anafanya kazi kubwa kuliko kipepeo. Lakini dawa inayomwagwa juu ya maua haimchagui yeyote. Boga lako linahitaji wadudu ili lishike tunda.

Dawa ya chupa

Hapa tunazungumza kwa ukali kidogo. Sokoni kuko watu wanaouza dawa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, bila karatasi, bila jina. Muuzaji anasema "hii inaua yote". Huenda ni kweli, na ndiyo hatari yake. Inaua nyigu mwenye kifuko cheupe, inaua nyuki, na kiwavi mkubwa aliyelala kwenye udongo mchana haifiki.

Zaidi ya hayo, majani ya kiazi ni chakula. Watoto wanakula mboga yake, mbuzi na sungura wanalishwa mashina yake. Anayepulizia asubuhi dawa asiyoijua, na jioni mtoto akachuma mboga, ameleta sumu mezani. Chupa ile ile ikiisha, kesho inatiwa maji ya kunywa. Ndugu wanachama, kama haina jina, usinunue. Na pompi isioshwe kwenye chemchemi.

Na feza je?

Swali hili tuliulizwa na kila mtu, basi tulijibu. Kuko mahali ambapo vipepeo vimeleta feza kweli. Huko Gede, pwani ya Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi unaoitwa Kipepeo ulianza 1993. Wakulima wanaokaa karibu na msitu wanafuga viwavi kwenye vizimba vya wavu, wanauza bundo, na mradi unazipeleka kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo huko Ulaya na Marekani. Bundo halili wala halinywi, lakini lina siku chache tu kabla kipepeo hajatoka, kwa hiyo linahitaji ndege ya haraka. Faida nyingine ni kwamba vipepeo wale wanahitaji mimea ya msituni. Jirani wa msitu aliyetamani ukatwe apate shamba, amepata sababu ya kuulinda.

Huko Tanzania, kwenye milima ya Usambara Mashariki, wakulima wa Amani walifuata njia hiyo hiyo na walifanikiwa. Kisha mwaka 2016 serikali ilikataza kusafirisha wanyama hai wa pori nje ya nchi, na bundo za vipepeo ziliingia katika katazo hilo. Viwavi walikuwapo, vizimba vilikuwapo, ujuzi ulikuwapo. Soko ndilo lililofungwa kwa karatasi moja.

Tunasimulia yote mawili ili mwanachama asiuze jembe kwa ajili ya ndoto. Sisi hatuna ndege ya haraka, na bila ruhusa za serikali kazi ile ni magendo. Vilevile, anayekuja kijijini na kuahidi dola kwa vipepeo wakubwa wa msituni, kama yule Papilio antimachus ambaye mabawa yake yanaweza kupita sentimeta 20, mwulizeni karatasi zake. Parki ya Kahuzi-Biega iko mlangoni petu, na ndani yake hakuna ruhusa ya kukamata hata mdudu mmoja kwa kuuza. Kikundi chenyewe kimeandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye: hatuingii parki, hatuuzi.

Faida yetu iko karibu zaidi. Ndugu zetu wa upande wa Kisangani wanajua habari hii tangu mababu: viwavi wanaoliwa, wale mbinzo wa sokoni, wana miti yao. Mmoja wao anayependwa sana anaishi juu ya mti wa sapelli, mti huo huo ambao wakata-mbao wanautafuta. Mti ukianguka, chakula cha watoto kimeanguka nao. Anayejua ni kiwavi gani anakaa kwenye mti gani, anajua pia bei ya kweli ya mti ule.

Mambo ya kufanya katika koperative yako

1. Chagueni watu wawili na njia moja inayopita kando ya mashamba ya viazi. Watembee mara moja kwa juma, siku ileile, saa ileile. Kaye na biki vinatosha.

2. "Mdogo wa machungwa" akiongezeka, kila mtu ageuze majani juma hilo hilo. Tazama asubuhi mapema au jioni, siyo saa sita.

3. Chuma majani yenye mayai ya manjano au utando. Yatumbukize kwenye ndoo ya maji yenye sabuni, au yafukie chini sana. Usiwape kuku: viwavi wengi wa ukoo wa Acraea wana sumu mwilini.

4. Vifuko vyeupe vyenye nyuzi, uviache. Ukiwa na shaka, tia jani ndani ya bokali, funika kwa chandarua, ungoje. Bokali halidanganyi.

5. Panda mapema, ili kiazi kiwe kimeshika nguvu kabla ya kiangazi. Imeonekana pia kwamba vitunguu vikipandwa katikati ya viazi, kipepeo huyu anataga kidogo.

6. Kabla ya kumpa jirani mashina ya kupanda, yageuze kwanza. Usimpe zawadi yenye mayai. Na shamba jipya liwe mbali na lile lililoliwa.

7. Ng'oa au tazama pia mimea ya pori iliyo jamaa ya kiazi kitamu kando ya shamba. Kipepeo huyu anaishi huko wakati wewe huna viazi.

Mara ya mwisho tulipokwenda, yule msichana alituonyesha ubao wa seremala. Bokali zilikuwa 11, na juu ya kila moja kuna karatasi: mmea, tarehe, kilichotoka. Kwenye tano alikuwa ameandika "kipepeo". Kwenye nne "nyigu". Moja "amekufa". Ya mwisho ilikuwa haijaandikwa kitu, kwa sababu kiwavi alikuwa bado anakula. Tulimwuliza anahitaji nini kwetu. Alisema: bokali zingine.

Basi tunawaomba nanyi. Kama kuko bokali tupu nyumbani, lipelekeni kwa katibu wa koperative. Na mnayoyahesabu kwenye njia zenu, yaandikeni na mtuletee kabla ya msimu A, ili katika toleo lijalo tuweke hesabu za vilima vyote pamoja. Tukikosea tena, mtuambie. Safari hii hatutasema "tutazungumza kisha".